Kununua detekta ya dhahabu ukiwa Unguja au Pemba

Unguja na Pemba hakuna mgodi wa dhahabu. Visiwa hivi ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo, na dhahabu ya hapa ni ile pete iliyomchomoka mtu kidoleni akiogelea. Anayetaka dhahabu ya ardhini hana budi kuvuka bahari. Kwa hiyo mtu wa visiwani anayeulizia detekta huwa na safari mbili kichwani, mara nyingi bila kuzitenganisha: ya ufukweni, Nungwi au Paje, kutafuta pete na bangili, na ya bara, Chunya, Geita au Kahama, kutafuta punje. Mashine ya safari ya kwanza haitoshi kwa ya pili, na mashine ya bara ukiileta kwenye mchanga wa pwani hupiga kelele mpaka udhani imeharibika.

Hela nyingi hupotea hapo hapo. Ufukwe uko karibu, mnunuzi anakwenda kujaribu mashine mchangani. Mchanga mweupe mkavu hauna chuma cha maana, na detekta yoyote, hata ya bei ndogo, hufanya kazi vizuri juu yake. Mtu anafurahi, analipa. Akifika Geita kwenye udongo mwekundu wenye kokoto za chuma, kifaa kile kile kinalia kila kikisogezwa, au kinanyamaza juu ya punje iliyo sentimita tatu tu chini. Mwengine hupata mkasa wa kinyume: amenunua mashine nzuri ya bara, kaijaribu kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, imelia ovyo, kairudisha dukani. Mashine ilikuwa nzima. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine iliyotengenezwa kusikia punje ndogo sana huisikia na chumvi.

Basi swali la kwanza si detekta ipi ni bora, ni udongo upi unaokwenda kuupita.

Detekta inasikia nini

Kabla ya kufika kwenye bei, jua kitu ambacho hakuna detekta inayokifanya: haisikii unga wa dhahabu. Sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo imo ndani ya mwamba kwa chembe zisizoonekana kwa macho. Mwamba hutolewa kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, husagwa kwenye karasha, kisha mchanga wake huoshwa. Hata jiwe lenye dhahabu nzuri ya namna hiyo likiwekwa juu ya koili, ile sahani ya chini ya mashine inayotuma na kusikiliza, mashine inakaa kimya. Ikiwa mwenyeji wako anakwambia watu wa kwao wanaishi kwa kusaga mawe, wala hajawahi kuona mtu akiokota punje, usinunue detekta kwa safari hiyo. Karai la kuoshea litakufaa zaidi.

Detekta inafaa pale dhahabu ilipojikusanya vipande: kwenye miteremko chini ya mikanda ya mawe meupe ya kwazi, kwenye vijito vikavu, kwenye vifusi vya zamani vilivyotupwa na watu waliochimba kwa macho. Uwanda wa Lupa, Chunya, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922, umejulikana kwa punje za namna hiyo tangu mwanzo.

Jambo la pili ni kina. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, nguvu ya sauti hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Maana yake ukiongeza kina mara mbili, mwangwi unaorudi unabaki sehemu moja kati ya 64. Ndiyo sababu mashine ya bei mara sita haiendi chini mara sita. Kwa makadirio ya kawaida, punje ya gramu 0.2 husikika kwenye sentimita 5 hadi 10. Ya gramu moja, sentimita 10 hadi 15 au zaidi kidogo kwenye udongo mzuri. Kipande kikubwa cha gramu 30 chini ya mashine kali kinaweza kufika sentimita 40. Muuzaji anayetaja mita tatu au tano kwa punje, muage.

Aina mbili za mashine

Mashine za VLF (kwa Kiingereza Very Low Frequency) hutuma wimbi lisilokatika na kusikiliza linavyobadilika. Ni nyepesi, hazili betri nyingi, na zina uwezo fulani wa kutenga chuma na metali nyingine. Zinatofautiana kwa masafa, yaani wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Garrett AT Gold iko kwenye kilohezi 18, Minelab Gold Monster 1000 kwenye 45, Nokta Gold Kruzer kwenye 61, Fisher Gold Bug 2 kwenye 71. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mashine inavyosikia punje ndogo zaidi, hata ile ya ukubwa wa kichwa cha kiberiti na chini ya hapo; lakini ndivyo pia inavyosumbuliwa na chuma cha udongoni na chumvi. Adui wa VLF ni udongo wenyewe.

Mashine za PI (Pulse Induction) hupiga mpigo mfupi wa umeme, hukata, husubiri mikrosekunde kadhaa, ndipo husikiliza. Katika kusubiri huko sehemu kubwa ya kelele za udongo hufifia, mwangwi wa metali ukabaki. Humu ndimo zilimo Minelab SDC 2300, GPX 5000 na GPX 6000. Kwenye udongo mwekundu mzito hakuna VLF inayozifikia. Ubaya wake ni tatu: bei (GPX 6000 ni dola 6,000 na ushei, wakati Gold Monster ni kama dola 1,000), uzito wa kilo mbili na zaidi mkononi kutwa nzima, na kwamba hazijui sana kutenga chuma. Ukiwa na PI unachimba kila kinacholia: msumari, kipande cha waya, vyuma vilivyomeguka kwenye karasha. Kwenye kambi kongwe utachimba vyuma mia ndipo uione punje, na hilo si tatizo la mashine.

Geita ina matabaka ya mwamba wa chuma, na dhahabu yake imekaa humo humo. Anayekwenda huko na VLF pekee atateseka. Chunya ni mchanganyiko. Kuna mabonde ya udongo wa kijivu na wa manjano ambako VLF ya kilohezi 45 inafanya kazi ya uhakika, na kuna vilima vyekundu ambako haifui dafu. Kwa safari ya kwanza, ikiwa hujui utaangukia wapi na fedha ni za kuazima, VLF nzuri ya dhahabu pamoja na sehemu iliyochaguliwa kwa makini ina faida kuliko PI ya mkopo. Watu watatu wakichangia PI moja pia ni sawa, maana mkono mmoja hauwezi kuizungusha zaidi ya saa mbili bila kupumzika.

Jaribu kwa udongo wa kule, hapa hapa

Usiende ufukweni. Mwombe mwenyeji wako bara akutumie udongo wa pale mtakapotafuta, kiasi cha pishi mbili, uliochukuliwa chini kidogo ya majani. Utie kwenye ndoo ya plastiki isiyo na mkono wa chuma. Chukua sumaku, ivishe mfuko wa nailoni, ipitishe ndani ya udongo mara tano. Ikitoka na manyoya machache meusi, VLF itakufaa. Ikitoka imevaa koti zima jeusi, hesabu PI.

Udongo usipopatikana, tumia vigae. Chungu au mtungi uliovunjika, au tofali la udongo lililochomwa, hubeba chuma kilichobadilishwa na moto, na huisumbua detekta namna ile ile ya udongo mwekundu wa bara. Jaza karai la plastiki vigae vilivyopondwa vya ukubwa wa kokoto. Kinongo, ule udongo wetu mwekundu wa mashambani, pia ni bora kuliko mchanga, ingawa si mkali kama vigae.

Kisha nenda kwa sonara. Mwambie akuyeyushie matone matatu ya dhahabu: gramu 0.2, gramu 0.5 na gramu 1. Si hasara, matone hayo yanabaki mali yako na siku yoyote yanauzika kwa uzito. Usitumie pete wala kipini cha duara kwa jaribio hili. Pete ni kitanzi kilichofungwa, na umeme huzunguka ndani yake vizuri kuliko ndani ya punje ya uzito huo huo, kwa hiyo itakupa matumaini ya uongo. Bandika kila tone kwa gundi juu ya kifuniko cha plastiki cha rangi kali, chekundu au cha samawati, uandike uzito. Tone la gramu 0.2 likianguka kwenye karai la vigae bila kifuniko, utalitafuta hadi magharibi.

Jaribio lenyewe ni hivi. Toka nje ya duka, nenda uwanja ulio mbali na nyaya za umeme. Ndani ya duka taa, simu na waya za ukutani huifanya mashine yoyote ionekane mbovu. Zima simu yako, si kuiweka kimya tu. Washa mashine, iache itafute mkondo wenye kelele ndogo. Weka koili juu ya karai, iinue na kuishusha kati ya sentimita 3 na 30 mpaka sauti itulie. Huko ndiko kuisawazisha na udongo, na mashine nyingine hujifanyia zenyewe. Sasa pitisha koili mara kumi juu ya vigae vitupu. Hesabu imelia mara ngapi. Fukia tone la gramu 0.5 kwa sentimita 5, pitisha tena mara kumi, kwenda na kurudi. Unachotaka ni sauti fupi, yenye ncha, inayojirudia pande zote mbili. Ikilia kwenda tu na kurudi isilie, hiyo ni kelele. Punguza usikivu hatua moja moja mpaka vigae vinyamaze, kisha uone kama tone bado linasikika. Mashine inayolazimika kushushwa usikivu hadi nusu ndipo itulie haitakuonyesha gramu 0.2 huko unakokwenda.

Jaribu mara mbili, moja ikiwa karai limekauka na nyingine likiwa limemwagiwa maji. Udongo hubadilika baada ya mvua.

Koili, hedifoni, betri

Koili kubwa huenda chini na hufagia eneo pana, lakini huzikosa punje ndogo na huokota kelele nyingi. Ndogo hufanya kinyume chake. Gold Monster huja na koili mbili, ya inchi 10 kwa 6 na ya inchi 5. Anza na ya kwanza, ya pili ni ya kwenye nyufa za mawe na vifusi vyenye takataka za chuma. Kwa GPX 6000, koili ya inchi 11 inatosha. Ya inchi 17 ni ya kutafuta vipande vikubwa kwenye eneo la wazi, na kwa mtu mgeni inachosha bure.

Koili iguse ardhi, au ipite juu yake kwa upana wa kidole. Kila sentimita unayoinua hewani umeitoa kwenye kina. Wageni huizungusha kama fagio, ikipanda kwenye ncha zote mbili, na kule kwenye ncha hawasikii kitu. Fungua kifuniko cha koili kila jioni ukisafishe; mchanga mweusi ukijikusanya humo unalia kila koili ikigonga jiwe.

Hedifoni usizifanyie ubahili. Punje ya ndani haitoi mlio, inatoa mabadiliko madogo tu katika sauti ya chini, kama mbu aliyepita upande wa pili wa chandarua. Kwa spika ya mashine, na upepo juu yake, hutaisikia.

Ulizia betri mapema, kwa sababu kambini umeme ni wa jenereta na una foleni. SDC 2300 hutumia betri nne za kawaida za ukubwa wa C, Gold Monster inaweza kutumia betri ndogo nane za AA badala ya ile ya kuchaji. Betri za lithiamu za akiba kwenye ndege hazipandi na mizigo ya chini, zibebe mkononi.

Vingine ni rahisi: sururu ndogo, sumaku kali ya kubandika kwenye mpini wake, kibuyu kidogo cha plastiki cha kuhifadhia punje, na upawa. Upawa lazima uwe wa plastiki. Galoni ya mafuta iliyokatwa kwa mshazari inatosha kabisa. Ukipata sauti, fukua kidogo kidogo huku ukirudisha koili, mpaka sauti ihame kutoka shimoni kuja kwenye rundo. Chota upawa mmoja, upitishe juu ya koili. Ukilia, mwaga nusu mkononi, pitisha iliyobaki. Nusu, nusu, mpaka vibaki vijiwe vitano. Kabla ya hapo pitisha sumaku, maana mara nyingi ni msumari na umejiokolea dakika kumi. Viatu vyako visiwe na chuma cha vidoleni, na pete uivue.

Bandia na za kitapeli

Minelab ndiyo inayoigwa kuliko zote Afrika, hasa GPX 4500, 5000 na sasa 6000. Sanduku linafanana, nembo inafanana, hata kijitabu kimo. Ndani kuna saketi ya bei ndogo ambayo kwenye mchanga mkavu inalia vizuri tu, na ndiyo sababu muuzaji atakung'ang'aniza mjaribu ufukweni. Dalili ya kwanza ni bei: mashine ya dola 6,000 haiuzwi dola 1,500 ikiwa mpya. Kabla ya kulipa piga picha namba ya utambulisho iliyo kwenye mashine, uitume kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kiwanda akuhakikishie. Mashine mbili zikiwa na namba moja, angalau moja ni bandia. Na jaribio la vigae halidanganyiki. PI bandia hulia juu ya karai lile kama VLF ya chini.

Kuna nyingine ambazo si bandia ya kitu chochote, ni utapeli mtupu: zile zenye mpini na antena mbili, zinazosemwa zinaonyesha dhahabu iliyo mita mia mbali. Hazina koili, na bila koili hakuna kinachotumwa wala kinachorudi. Zina undugu na ADE 651, kifaa kilichouzwa Iraq kuwa kinanusa mabomu, kumbe kilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Mwenye kukiuza, James McCormick, alifungwa miaka kumi Uingereza mwaka 2013. Antena ile hugeuka kwa sababu mkono wa mtu hautulii.

Ukibaki pwani

Kwa Nungwi, Kendwa, Paje au Jambiani, tafuta mashine ya masafa mengi kwa pamoja, kama Minelab Equinox 800, inayostahimili maji hadi mita 3, au 900, hadi mita 5. Masafa mengi huiwezesha kuitambua chumvi na kuiondoa. Toka siku za bamvua, maji yakipwa sana, upite ule mstari wa chini ambako watu walikuwa wakiogelea maji yakijaa. Maji mafu hayafungui eneo hilo. Usikanyage mashamba ya mwani.

Pete ya gramu 3 inasikika vizuri kuliko mkufu wa gramu 10. Mkufu ni pingili ndogo ndogo zisizoungana vizuri kwa umeme, na mashine huisikia kila pingili peke yake, yaani karibu haisikii. Halafu kizibo cha soda na karatasi ya sigara huwa na sauti ya dhahabu. Ukiamua kuvikwepa utazikwepa na pete.

Magofu usiyaguse. Mtambwe Mkuu, Pemba, ilitoa mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari za dhahabu, na tangu hapo wapo wanaodhani kila gofu lina mtungi wake. Ras Mkumbuu, Pujini, Unguja Ukuu, zote ni urithi unaolindwa. Kuchimba bila kibali cha idara ya mambo ya kale ni kosa, na sarafu iliyong'olewa mahali pake imepoteza nusu ya habari iliyokuwa nayo.

Karatasi za bara

Sheria ya Madini, Sura ya 123, ndiyo inayofanya kazi bara. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, na Mzanzibari ni mmoja wao. Lakini kwa safari ya wiki mbili huhitaji leseni yako. Unahitaji ruhusa ya mwenye nayo. Uliza eneo ni la leseni ya nani, mwone mwenyewe au msimamizi wake, mkubaliane mgao kwa maandishi kabla hujawasha mashine: asilimia yake, yako, na nani anashika punje zikipimwa. Kupita na detekta kwenye leseni ya mtu kimya kimya ni wizi, na kambini wizi haungoji polisi.

Ukipata, uza kwenye soko la madini la wilaya au mkoa. Masoko hayo yalianza mwaka 2019, tozo hukatwa palepale na unapewa karatasi. Usiitie punje mfukoni ukapanda nayo boti kumpelekea sonara wa mjini, hata kama anakupa bei nzuri zaidi. Na risiti ya detekta yenyewe isafiri pamoja nayo, ndani ya sanduku, kwenda na kurudi, kwa sababu bandarini utaulizwa umeinunua wapi.